Barua ya Malalamiko: Tunatenganisha Taka, Nyinyi Mnazichanganya

Mpangaji, Fremu Namba 4,
Ghorofa ya Chini,
Kigoma Mjini.

3 Novemba 2025

Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Jengo,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAKA NA MATUMIZI MABAYA YA UMEME KATIKA JENGO LETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wa fremu namba 4. Natoa kopi, nachapa, nauza daftari na vifaa vya ofisi. Huu ni mwaka wangu wa sita katika jengo hili na sijawahi kuchelewesha kodi hata mwezi mmoja. Naanza na hilo ili mjue kuwa anayewaandikia hatafuti kisingizio cha kutolipa.

Mwezi wa tatu mwaka huu mlituita wapangaji wote pale chini kwenye ngazi, mkaweka mapipa mawili kila ghorofa, la bluu na la kijani. Mkatuelekeza: kwenye la bluu tuweke karatasi, maboksi na chupa za plastiki, na kwenye la kijani mabaki ya chakula na uchafu mwingine. Siku hiyo hiyo pesa ya huduma ikapanda kutoka shilingi 60,000 hadi 85,000 kwa mwezi, mkasema nyongeza ni kwa ajili ya kazi hiyo. Nililipa bila kunung'unika. Niseme ukweli, nilifurahi, maana biashara yangu ni karatasi, na kwa wiki moja tu dukani kwangu linajaa gunia la karatasi zilizoharibika na makasha ya rimu. Nikawakalisha vijana wangu wawili nikawafundisha: boksi likunjwe, lisilowe, chupa isuuzwe ikandamizwe, kifuniko kitolewe. Wamefanya hivyo kwa miezi saba na zaidi.

Tarehe 14 Oktoba niliwahi kazini, kabla hata ya saa moja asubuhi, nikapita nyuma ya jengo. Nikamkuta mama wa usafi amelisimamisha toroli kwenye ukingo wa lile shimo la kuchomea taka. Taka za pipa la bluu na za pipa la kijani zilikuwa humo pamoja. Maboksi yangu niliyoyakunja jana yake jioni yalikuwa yamelowa mchuzi, na mifupa ya samaki aina ya migebuka kutoka mgahawa wa ghorofa ya kwanza imenasa kwenye mikunjo. Nilimsalimia, nikamuuliza mbona vimechanganywa. Hakunificha. Alisema, "Toroli ni moja, mama, na shimo ni moja. Nikizitenganisha nizipeleke wapi?" Akamwaga, akanyunyiza mafuta ya taa, akawasha kiberiti.

Simlaumu hata kidogo, na naomba barua hii isije ikawa sababu ya kumgombeza. Ameuliza swali ambalo ilikuwa kazi yenu kulijibu kabla ya kununua mapipa. Nyinyi mmeishia kwenye rangi. Hamkutenga chumba cha kuhifadhia, hamkutafuta mnunuzi, hamkuongeza toroli. Miezi yote hiyo tunalipa nyongeza, na kilichobadilika ni kwamba zamani taka zilichanganywa na sisi, sasa zinachanganywa na nyinyi.

Najua mtasema Kigoma ni mbali na viwanda. Ni kweli, kwa Reli ya Kati kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi, na hakuna mtu atakayesafirisha chupa ishirini. Lakini hapo ndipo jengo kubwa lina nafasi ambayo fremu moja haina. Mimi peke yangu siwezi kumwita mnunuzi kwa gunia moja la karatasi. Fremu zote za ghorofa tatu, zikikusanya kwa mwezi mahali pakavu, zinajaza kirikuu. Boksi kavu na safi lina bei. Likishalowa mchuzi halina bei tena, wala hakuna wa kulichukua hata bure. Kwa hiyo lile toroli moja linaharibu kazi ya watu wote wa jengo kwa dakika tano. Na kuna mzee mmoja aliyekuwa akija kila Jumamosi kuchukua maboksi na chupa kwa ajili ya kuuza. Mlinzi wenu alimkataza kuingia tangu mwezi wa nne, akasema ni amri ya ofisi. Mmemfukuza mtu mmoja aliyekuwa akifanya kweli ile kazi mnayotutoza sisi.

Moshi wa shimo lile unatuingia ndani. Wiki iliyopita nilikuwa namtolea kijana mmoja kopi za vyeti vyake vya kuombea kazi. Karatasi ya tatu ilipotoka mashineni, chembe ya masizi ikatua juu yake, pale pale penye picha yake. Nilipojaribu kuipangusa ikaacha mstari mweusi mpaka kwenye jina. Nilichapa nyingine na sikumtoza. Dada mshonaji wa fremu ya jirani ana mtoto wa miezi minane anayelala chini ya cherehani, na asubuhi moshi unapokuja hulazimika kutoka naye mpaka barabarani. Kinachoungua mle ni plastiki na mipira ya nyaya za umeme, na moshi wake una sumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mtoto yule naye ni mmoja wao.

Mvua nazo zimeshaanza. Shimo liko juu ya mtaro, na kila anayeujua mji huu anajua mitaro yake inaelekea wapi. Baada ya mvua ya tarehe 28 nilisimama kwenye karavati nikaona vifuniko vya chupa na plastiki zilizoungua nusu zikishuka na maji kwenda ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kupaa na jua, na plastiki haipai. Kinachoingia mle kinakaa, na dagaa tunaowala na kuwauza mpaka nje ya mkoa wanatoka humo humo.

Sasa umeme. Jengo zima lina mita moja, na nyinyi mnachukua gharama ya mwezi mnaigawa kwa idadi ya fremu. Mwezi wa sita nilibadilisha taa zangu zote nikaweka za LED, na mashine ya zamani ya kopi, iliyokuwa inakula umeme hata ikiwa imekaa tu, nikaiuza. Mwezi wa tano nililipa shilingi 62,000. Mwezi wa saba nililipa 64,000. Nilipokuja ofisini kwenu kuuliza niliambiwa, "Mama, wengine wametumia zaidi." Basi kuna faida gani ya mtu kuzima taa? Anayefungulia kiyoyozi mlango ukiwa wazi, akakiweka nyuzi 16 kutwa nzima, analipa sawa na mimi ninayefungua dirisha.

Ila mtumiaji mbaya kuliko wote katika jengo hili si mpangaji. Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, saa saba mchana, jua limewaka, nilipanda ngazi mpaka juu nikahesabu taa za korido. Ni tyubu 30 za futi nne, zote zinawaka, na korido zina madirisha pande zote mbili. Tyubu moja ya wati 36, ukijumlisha na choki yake, kile kifaa cha kuiwashia, inakula kama wati 45. Zikiwaka usiku na mchana ni uniti 32 kwa siku, karibu uniti 970 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kila uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 345,000. Zikiwekwa za LED za wati 18, zikawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, ni uniti 194, kama shilingi 69,000. Hii hesabu nimeifanya kwa kalamu mbele ya vijana wangu, mkitaka nitawaletea karatasi yake. Zaidi ya shilingi 270,000 zinapotea kila mwezi kwenye korido ambayo mchana haihitaji taa, na fedha hizo ni zetu.

Pampu ya maji nayo: boya la tenki la juu limekufa, na usiku tenki linajaa na kumwagika huku mota ikiendelea kuzunguka. Mlinzi ndiye aliyeniambia, na ukuta wa nyuma umeota ukoga kwa ajili ya maji hayo.

Sisi tulioishi Kigoma ya majenereta ya dizeli, umeme ukiwa wa mgao na fundi wa kuchomelea akilala karakana akisubiri urudi, tunaumia tukiona unachezewa hivi. Na hizo tyubu zikifa, nazo zinatupwa kwenye shimo lile lile. Nimeona vioo vyake. Ndani yake mna zebaki, na ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba kutengeneza taa za aina hiyo, kuziingiza nchini na kuziuza nje kuishe ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Mtazibadilisha mtake msitake, basi anzeni sasa, tuache kuilipia hasara hiyo miaka miwili zaidi.

Ninachoomba kinawezekana. Uchomaji ukome wiki hii, na shimo lifukiwe kabla mvua hazijakolea. Ile stoo tupu chini ya ngazi iwe ya maboksi, karatasi na chupa. Anunuliwe mama wa usafi toroli la pili na glavu, na yule mzee aruhusiwe kurudi, au mtafute mnunuzi mwingine, na fedha itakayopatikana ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wote tuione. Mabaki ya chakula ya mgahawa yatengwe kwa ajili ya wafugaji au mboji, mwenye mgahawa nimeshaongea naye na yuko tayari. Kila fremu iwekewe mita yake ndogo. Mimi niko tayari kuchangia gharama ya mita yangu. Taa za korido zibadilishwe na boya litengenezwe. Mpaka hayo yafanyike, naomba ile nyongeza ya 25,000 isimame, na ya miezi ambayo imeshalipwa tuelezwe imefanya kazi gani, kwa maandishi na risiti.

Mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, hata mimi nilidhani haitawezekana, duka langu lilikuwa limejaa mifuko hiyo. Ndani ya muda mfupi wateja wakazoea kuja na vikapu. Wapangaji wa jengo hili wameshazoea mapipa mawili, kazi ngumu ya kuwazoeza watu imeshafanyika, na mnaitupa shimoni kila asubuhi.

Nawapa siku 30 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu nitaipeleka barua hii, pamoja na picha nilizopiga, kwa Afisa Mazingira wa Manispaa. Kama mtapenda tuzungumze kwanza, nipo dukani kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Njooni mapema kidogo, tupite wote nyuma ya jengo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, Fremu Namba 4

Nakala: Wapangaji wote wa jengo