Mada ya kesho: magogo ya karatasi, Mto Kennebec

Wanakikundi, habari za jioni. Kesho saa 2 usiku tunaingia Maine, Marekani. Mje mkijua haya.

Gogo la karatasi, yaani la kutengenezea karatasi, si lile la kupasuliwa mbao. Kennebec lilikatwa futi 4 tu (mita 1.2 hivi), hasa sprusi na fari (miti ya jamii ya msonobari) kwa sababu huelea, miti yenye mbao nzito hulowa na kuzama. Liliburutwa juu ya theluji hadi mtoni au ziwani, likangoja barafu iyeyuke na mabwawa yafunguliwe, maji yalibebe hadi kiwandani.

Ziwani hakuna mkondo, hivyo magogo yalizungushiwa uzio wa magogo marefu yaliyounganishwa kwa minyororo, boti ikavuta mzigo mzima. Balaa lilikuwa penye miamba: moja likikwama, ya nyuma yanalipanda. Hilo la kwanza lililokwama ndilo lililotafutwa, likang'olewa kwa pivi: mpini mnene wenye ncha ya chuma na kulabu inayocheza. Likigoma, baruti.

Magome yalizama, yakaoza, yakala oksijeni ya samaki. Sheria ya jimbo ya 1971 ikaweka ukomo wa kusafirisha magogo kwa mto. Msafara wa mwisho wa magogo mtoni ni 1976.

Maswali yaandikeni hapa kabla ya saa 12 jioni. Sauti za dakika tano, jamani, hapana.