Malalamiko kuhusu somo la aina za vigeu katika programu yenu ya takwimu za biashara

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: SOMO LA TATU NA ZOEZI LAKE LA MASWALI 20

Mimi ni mweka stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, na jioni nasomea stashahada ya biashara. Mwezi uliopita nililipa shilingi 1,500 kupata programu yenu ya takwimu za biashara kwa Kiswahili. Niliifurahia, maana darasani tunasomeshwa kwa Kiingereza na kuna mambo yananipita. Masomo mawili ya kwanza sina neno nayo. La tatu, la vigeu, yaani mambo yanayobadilika kutoka mtu au kitu kimoja hadi kingine kama bei na umri, ndilo lililonishikisha kalamu.

Linaanza hivi: "Kigeu kinachoandikwa kwa tarakimu ni kigeu cha idadi, kinachoandikwa kwa maneno ni kigeu cha sifa." Niliamini. Nyinyi ndio wenye kazi hiyo.

Wiki hiyohiyo tajiri yangu alinipa daftari la wateja wa mkopo nilihamishie kwenye kompyuta, tupate kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha madeni. Nikapanga safu: jina, simu, mtaa, deni. Kwa somo lenu simu ni tarakimu, kwa hiyo ni idadi. Nikaiwekea ile safu umbo la nambari. Sifuri zote za mwanzo zikatoweka. Nambari ya tarakimu kumi inayoanza na 07 ikabaki ya tarakimu tisa inayoanza na 7. Kompyuta haikukosea, kwa sababu kwenye idadi sifuri ya mbele haina kazi: deni la 0450 ni 450 tu. Kwenye simu sifuri hiyo ni sehemu ya nambari yenyewe. Ujumbe wa wateja 63 ulikataliwa, na hiyo Jumamosi nilishinda stoo nikiziandika upya moja moja kutoka daftarini. Hapo ndipo nilipojiuliza: nikijumlisha simu ya fundi huyu na ya fundi yule, nitampigia nani?

Nikarudi kwenye zoezi nikiwa na swali hilo, nikalifanya tena. Nikapata 13 kati ya 20. Cheti chenu kinataka 14.

Makosa mawili nakubali ni yangu. Matano ni yenu. Swali la 3 linaiita nambari ya simu idadi; hilo nimeshalieleza. Swali la 7 linatoa misimbo ya kaunti zenye matawi ya kampuni, Mombasa 001 na Nairobi 047, kisha linauliza wastani. Jibu lenu ni 24. Sasa 024 ni Pokot Magharibi. Yaani mfanyabiashara mwenye tawi moja Mombasa na moja Nairobi, kwa wastani yuko Pokot Magharibi. Nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi abiria wa pembeni akasogea. Misimbo hiyo inafuata tu orodha ya kaunti 47 iliyo katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010. Ni jina lililovaa tarakimu. Unaweza kuhesabu matawi mangapi yako kaunti ipi, na kusema ipi ina mengi zaidi, lakini huwezi kuijumlisha misimbo yenyewe.

Swali la 11 ndilo lililoniuma, kwa kuwa linahusu mkate wangu. Mmeuliza geji ya mabati, ile nambari ya kuonyesha unene wa bati, ni kigeu cha aina gani, na mkasahihisha kuwa ni cha uwiano (chenye sifuri ya kweli, ambapo 4 ni mara mbili ya 2), sawa na uzito na bei. Njooni dukani siku moja. Kwetu kuna geji 28, 30 na 32. Mteja mgeni akiingia huomba ya 32 akidhani ndiyo nene, kwa kuwa nambari ni kubwa. Nampa la 32 alibonyeze kwa kidole gumba, linaingia ndani na kulia. La 28 halitikisiki hivyo. Geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Tena kushuka kwa unene kutoka 28 hadi 30 si lazima kulingane na kushuka kutoka 30 hadi 32. Geji inakuambia lipi linatangulia lipi, basi. Hicho ni kigeu cha mpangilio. Mkitaka uwiano, chukueni maikromita mpime unene kwa milimita. Mwenye kusoma somo lenu akaja kununua bati la paa lake kwa akili hiyo, mvua ya masika itamsahihisha.

Swali la 14 linasema kilo za misumari ni kigeu cha kuhesabu kwa kuwa kwenye jedwali lenu zimeandikwa 3, 5, 8. Zimeandikwa hivyo kwa sababu aliyeandika alikadiria. Mizani yangu husoma 0.27 mtu akiomba robo na mkono ukazidi. Misumari kwa kilo inapimwa, mabati yanahesabiwa. Na saruji? Tukiuza mfuko wa kilo 50 tunahesabu mifuko. Tukiufungua tukauza kwa kilo tunapima. Bidhaa ni ileile, kigeu si kilekile. Mfano kama huo ungemfaa mwanafunzi kuliko kanuni yenu ya tarakimu na maneno. Swali la 18, la umri wa wateja kwa makundi (18–25, 26–35), lina kasoro hiyohiyo: ukishaweka umri kwenye makundi umebakiwa na mpangilio, hata kama tarakimu zimejaa ukurasa.

Sitaki kuwaonea. Swali la 16, la nyota 1 hadi 5 za kuridhika kwa mteja, silipingi, ingawa mmetafuta wastani. Kwa haki nyota ni mpangilio, lakini maofisini wastani wake hutolewa kila siku na watu wazima wanabishana. Lile la saruji ya 32.5 na 42.5 nalo lilinitoa jasho: nambari imetokana na kipimo halisi cha nguvu, lakini kwenye mfuko inasimama kama daraja. Hayo ni ya kubishania. Simu na msimbo wa kaunti si ya kubishania.

Niliwaandikia kupitia programu. Nikajibiwa: "Asante kwa maoni yako. Nambari ni nambari." Hayo si maoni yangu. Ngazi nne za vipimo, yaani majina, mpangilio, vipindi (nafasi zinazolingana lakini bila sifuri ya kweli) na uwiano, zilielezwa na S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard katika jarida la Science mwaka 1946, na nyinyi wenyewe mmezitaja kwenye somo la nne, mkilipinga la tatu.

Naomba mrekebishe somo na majibu ya maswali 3, 7, 11, 14 na 18. Mnisahihishie upya, maana kwa hesabu yangu nina 18. Mnirudishie shilingi 600 mlizonikata kwa majaribio mawili ya kurudia. Na muwaarifu wote walionunua, si mimi niliyepiga kelele peke yangu. Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitayapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Nimeambatisha picha za maswali hayo matano, risiti ya malipo, na ukurasa mmoja wa safu yangu iliyopoteza sifuri, majina ya wateja nimeyafuta.

Nambari yangu ya simu mnayo kwenye akaunti. Mkinipigia, inaanza na sifuri.

Wenu,
Mweka stoo na mwanafunzi wa jioni,
Mombasa.