Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa Big Ten 2024 na Habari ya Lile Basi

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka kabla ya michango,

Ahsanteni kwa kuja na theluji yote hii. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mara moja kwa mwaka, msimu ukiisha, aeleze ligi ilikwendaje na chama chetu cha mashabiki wa Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus, Ohio, kilikwendaje. Najua wengi wenu mmefuata habari ya basi. Nitafika huko. Basi halieleweki bila ligi, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa wanachama wapya, hasa jamaa zetu waliohamia Columbus mwaka huu kutoka Uvira na Lubumbashi: Big Ten maana yake ni Kumi Kubwa, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani, na hapa tunazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira kwa mikono. Ilianza mwaka 1896 ikiwa na vyuo saba, na leo ina vyuo 18. Hesabu hiyo msiniulize mimi. Agosti 2024 waliingia wanne kutoka pwani ya Pasifiki: Oregon, Washington, USC na UCLA. Zamani hii ilikuwa ligi ya watu wa mahindi na viwanda, jirani kwa jirani. Sasa UCLA wanatoka Los Angeles kwenda kucheza na Rutgers kule New Jersey, bara zima la Marekani, na Oktoba walikwenda kweli wakashinda 35-32. Vijana hao Jumatatu wanatakiwa darasani. Kilichowaleta ni fedha za televisheni, na mimi ninayelipia televisheni hiyo kila mwezi sina uso wa kulalamika.

Mabadiliko mengine ni mawili. Makundi ya mashariki na magharibi yamefutwa, hivyo wawili wanaoongoza msimamo ndio wanaokutana fainali ya ligi, Indianapolis. Na mchujo wa kumpata bingwa wa taifa umepanuliwa kutoka timu nne hadi 12. Hilo la mwisho mlishike, maana bila hilo leo tungekuwa tunasoma dua.

Msimu wetu sisi wa Ohio State uliharibika mara ya kwanza Oktoba 12, kule Eugene, kwa Oregon. Wengi tuliiangalia pamoja kwenye besimenti ya mweka hazina, viti vya plastiki, sambusa zikaisha robo ya pili. Mwisho wa mchezo tuko nyuma 32-31, mpira ni wetu, sekunde 10 zimebaki, na tunahitaji kusogea kidogo tu ili mpiga teke ajaribu kuupitisha mpira kati ya nguzo kwa pointi tatu. Oregon wakawa na watu 12 uwanjani badala ya 11. Pasi ikashindikana, refa akarusha kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa, tukapewa yadi tano (yadi ni pungufu kidogo ya mita). Chumba kizima tukapiga makofi: yadi za bure! Mzee wetu mmoja, dereva wa lori, peke yake alinyamaza. Akanyoosha kidole kwenye saa iliyo pembeni ya kioo. Ilisoma sita. Oregon walitoa yadi tano wakanunua sekunde nne, na sheria wakati ule haikuwa na namna ya kuzirudisha. Will Howard, kwotabeki wetu, yaani mrusha pasi, akakimbia, akaserereka chini, na muda ukawa umekwisha. Siku chache baadaye wasimamizi wa sheria walitoa mwongozo wa kuziba tundu hilo. Kocha wa Oregon, Dan Lanning, hakuficha kwamba ni jambo walilolifanyia mazoezi. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nilianza kumheshimu, lakini hilo lisiandikwe kwenye muhtasari.

Baada ya hapo tulitulia. Novemba 2 tuliwafunga Penn State nyumbani kwao, 20-13, kwa kuwazuia mara nne mfululizo, yaani majaribio yote manne ambayo timu hupewa, wakiwa yadi tatu tu kutoka mstari wa kufunga. Novemba 23 walikuja Indiana, na hapa lazima nisimame kidogo, maana Indiana ndiyo hadithi niliyoipenda kuliko zote za ligi mwaka huu. Ni chuo kinachojulikana kwa mpira wa kikapu. Kwenye futiboli kimefungwa mechi nyingi kuliko karibu mtu yeyote katika historia. Mwaka 2023 walishinda tatu, wakafungwa tisa. Wakamchukua kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, na alipoulizwa atawashawishi vipi vijana wajiunge, alijibu kwamba yeye hushinda, wakamtafute Google. Tulicheka. Walifika Columbus wakiwa wameshinda kumi bila kufungwa, jambo ambalo chuo hicho kilikuwa hakijawahi kulifikia tangu kianze kucheza. Tuliwafunga 38-15, na wiki iliyofuata wakamaliza hasira kwa Purdue, 66-0.

Sasa basi.

Jumatatu ya Novemba 25 kamati ya watu watano ilikaa. Imebaki mechi moja, Michigan, nyumbani kwetu. Tukishinda tu, tunakwenda Indianapolis, mwendo wa chini ya saa tatu kwa barabara. Michigan wanakuja na mechi sita za kushinda na tano za kufungwa. Watu wa kamari walituweka mbele kwa karibu pointi 20. Hoja ikaletwa kwamba mabasi yatapanda bei Jumapili, tukodi leo. Katibu msaidizi, dada yetu muuguzi, alisema maneno matatu: "Subirini Jumapili, jamani." Kura zilikuwa nne kwa moja. Tulilipa arbuni ya dola 600, na karatasi niliyoisaini mimi mwenyewe iliandikwa wazi kwamba hairudishwi. Kwa hiyo wale waliosema kampuni imetuibia, naomba waache. Tulisoma, tukasaini.

Wiki ile, kama desturi, chuoni walibandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M, kwa kuwa ndiyo herufi ya Michigan. Katibu wetu kwa mapenzi yake akafanya vivyo hivyo kwenye tangazo letu, kila M akaweka X. Nalisoma kama lilivyotumwa: "Wanachaxa wote xnaoxbwa kuja na xichango." Kiswahili ukikinyang'anya M hakisimami. Hatuna mwenyekiti, hatuna mweka hazina, hatuna mke wala mume. Shemeji mmoja aliupokea ujumbe akanijibu kwa upole kwamba yeye Kisomali hajui.

Novemba 30, saa sita mchana, baridi kali. Kwa wageni: hii ni mechi iliyoanza mwaka 1897. Mtu wa Dar anaielewa kwa Simba na Yanga, wa Nairobi kwa Gor na Ingwe, wa Lubumbashi kwa Mazembe na Lupopo. Kabla ya siku ile, mara ya mwisho kuwafunga watani wetu ilikuwa 2019. Nilibahatika kuwamo uwanjani pamoja na watu zaidi ya laki moja, tiketi niliuziwa na mfanyakazi mwenzangu. Michigan kwa pasi hawakufanya kitu, yadi 62 tu mechi nzima. Lakini sisi tuling'ang'ania kupita katikati, palepale walipokuwa na majitu yao mawili, mara kwa mara, kama mtu anayesukuma mlango ulioandikwa "vuta". Mpiga teke wetu, Jayden Fielding, akakosa mara mbili. Zikiwa zimebaki sekunde 45, wa kwao, Dominic Zvada, akaingiza teke la yadi 21. Tukafungwa 13-10. Mara ya nne mfululizo.

Kilichofuata mlikiona. Walileta bendera yao wakaichomeka katikati ya uwanja wetu, kwenye ile herufi O iliyochorwa pale, ngumi zikazuka, askari wakapuliza dawa ya pilipili. Jack Sawyer, mtoto wa hapa hapa Pickerington, akaing'oa bendera kwenye mti wake huku akifoka. Ligi ilitoza kila chuo dola 100,000. Nilikuwa nimesimama jukwaa la juu nikiwa na sambusa mfukoni iliyoganda, na nilichokuwa nawaza ni basi tu.

Usiku ule wanachama 11 walijitoa kwenye kundi la WhatsApp. Wengine walitoka kimya, wengine waliacha maneno ambayo nimemwomba katibu ayafute. Tulimaliza wa nne kwenye msimamo. Indianapolis walikwenda Oregon na Penn State, Oregon wakashinda 45-37 na kubeba ubingwa wa ligi bila kufungwa hata mechi moja, mgeni mwaka wake wa kwanza. Pongezi zao.

Hapo ndipo ule mchujo wa timu 12 ulipotufaa. Kwa utaratibu wa zamani tungerudi nyumbani. Safari hii Big Ten ilipeleka timu nne: Oregon, Penn State, sisi na Indiana. Indiana walitolewa mapema na Notre Dame, 27-17. Penn State walifika nusu fainali, nao wakatolewa na Notre Dame haohao, 27-24. Sisi tulianzia nyumbani Desemba 21 dhidi ya Tennessee, na aibu ya siku ile ni kwamba mashabiki wetu wengi, bado wana kinyongo, waliuza tiketi zao. Jukwaa likajaa rangi ya machungwa ya Tennessee. Vijana wakashinda 42-17 hata hivyo. Mwaka mpya tukakutana tena na Oregon, kwenye uwanja wa Rose Bowl, California. Kabla ya mapumziko ilikuwa 34-0. Naomba niirudie: thelathini na nne kwa sifuri. Iliisha 41-21, na mzee wetu dereva alikuwa anaangalia saa kila dakika akisema, "Leo chukueni sekunde zote."

Januari 10, nusu fainali na Texas. Tunaongoza 21-14, wao wako karibu kabisa na mstari wetu, jaribio la nne. Yule yule Sawyer wa bendera akampiga Quinn Ewers, ambaye waliwahi kuishi chumba kimoja hapa Columbus, mpira ukamtoka, Sawyer akauokota akakimbia nao yadi 83. Besimenti yote ilisimama. Kiti kimoja kilivunjika. Kimo kwenye hesabu. Januari 20, Atlanta, tukiwa mbele 31-7 Notre Dame wakatusogelea hadi 31-23. Jaribio la tatu, yadi 11 zinahitajika, Howard akamrushia Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, pasi ya yadi 56. Aliyekuja kupiga teke la kufunga mlango ni Fielding, yule wa Novemba 30. Likaingia. 34-23, mabingwa wa taifa, mara ya kwanza tangu msimu wa 2014. Michigan walitwaa mwaka uliotangulia, kwa hiyo ligi yetu ilishika kombe misimu miwili mfululizo, 2023 na 2024.

Neno fupi kuhusu fedha, maana wazazi wameniuliza. Siku hizi wachezaji hulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na mkurugenzi wa michezo wa Ohio State mwenyewe alisema kikosi kiligharimu takriban dola milioni 20. Msimu ule, mbele ya jaji huko California ilikuwapo kesi ya kuruhusu vyuo vilipe moja kwa moja. Mimi sina kinyongo na kijana kulipwa kwa kazi inayojaza uwanja. Ila mama aliyeniuliza kama amwache mwanawe wa miaka 12 acheze, nilimshauri aongee kwanza na daktari kuhusu majeraha ya kichwa.

Mambo ya chama yaliyobaki. Wale 11 wamerudi kundini, tisa kati yao usiku wa Januari 10 kabla hata Sawyer hajafika mstarini. Katiba haisemi lolote kuhusu mtu anayetoka Novemba na kurudi Januari. Pendekezo la kamati ni kwamba walipe ada ya Desemba kama wengine, bila faini. Mjadala uko wazi, na naomba usiwe mrefu kuliko mechi. Arbuni ya basi wanakamati wanne waliopiga kura ya ndiyo wataifidia nusu kutoka mifukoni mwao. Dada katibu msaidizi hahusiki, na kuanzia leo kura yake kwenye mambo ya usafiri inahesabiwa mbili.

Msimu wa 2025 ulipangwa kuanza Agosti 30 kwa Texas, hapa hapa nyumbani. Michigan ilipangwa Novemba 29, kwao, Ann Arbor. Hakuna kilichokodiwa.

Namkaribisha mweka hazina asome mahesabu. Stakabadhi zimo kwenye kopo la biskuti la bluu, lizungusheni.