Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alama kwenye Rekodi za Anwani Kongwe

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawakaribisheni Moshi kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Ada zinalipwa vizuri, na wenzetu wa Arusha wanaendelea na mafunzo ya mafundi vijana, tunawashukuru sana. Hayo nayaacha hapo, maana jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu ni rekodi za anwani za intaneti zilizogawiwa kabla ya kuwepo sajili za kanda, yaani taasisi zinazogawa anwani hizo na kutunza rekodi zake, na hoja ya kuziwekea alama kwenye kanzidata ya sajili kuonyesha kuwa ni za zamani.

AFRINIC, sajili ya kanda ya Afrika yenye makao Mauritius, ilitambuliwa rasmi Aprili 2005. Kabla ya hapo sisi wa kusini mwa ikweta tulihudumiwa na ARIN ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1997. Kabla ya hapo tena, taasisi ilijaza fomu, ikapewa kitalu cha anwani 256 au 65,536, bila mkataba wala ada ya mwaka. Rekodi za Afrika baadaye zilihamishiwa AFRINIC, na zile za enzi hizo za mwanzo ndizo tunazoziita kongwe. Mwenye anwani hizo ni kama mwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachagga: majirani wote wanajua ni cha ukoo gani, masale yapo mpakani, ila hati hana.

Katika kikao chetu cha Arusha tulifungua rekodi moja ya aina hiyo, ya mwanachama wetu, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Jina la taasisi lilikuwa la zamani, kabla haijasajiliwa upya. Mtu wa kuwasiliana naye alishastaafu. Namba ya simu ilianza na 055, ile ya Moshi kabla hatujahamia 027. Barua pepe ilikuwa kwenye domeni ambayo haikuwa imelipiwa kwa miaka. Anwani zenyewe zinatumika hadi leo. Ndizo zinazobeba mfumo wao wa malipo.

Naomba tuitazame vizuri hiyo domeni. Mtu yeyote angeweza kuinunua, akafungua kisanduku cha barua chenye jina la yule mstaafu, kisha akaiandikia sajili kama ndiye mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021 anwani moja ya IPv4, yaani ya aina hii tunayoizungumzia, ilikuwa ikiuzwa sokoni kwa dola 50 za Marekani na zaidi, hivyo hata kitalu kidogo cha 256 kilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 12,000. Ndiyo maana watu wanazitafuta rekodi zilizosahaulika. Mwaka 2019 ilibainika kuwa rekodi kadhaa katika kanzidata ya AFRINIC zilikuwa zimechezewa, vitalu kongwe vikiwemo, na Januari 2021 sajili yenyewe ikatoa ripoti ya ukaguzi wake.

Baadhi yenu mmesema alama itawaonyesha wezi pa kupita. Hofu hiyo naielewa, lakini sikubaliani nayo. IANA, inayosimamia ugawaji wa anwani duniani, imekuwa ikichapisha hadharani orodha ya vitalu vikuu vyote: kile cha anwani zinazoanza na 196 kimeandikwa kuwa cha zamani, na cha 41 kimeandikwa kuwa kiligawiwa AFRINIC mwaka 2005. Mwizi anaanzia hapo, na muda anao. Anayepotezwa ni fundi mwaminifu, kwa sababu ndani ya 196 kuna anwani kongwe na kuna nyingine nyingi ambazo AFRINIC yenyewe imezigawa kwa mkataba. Huwezi kujua kwa kutazama namba. Mwaka huu mwanachama wetu mmoja mwenye mkataba halali na ada aliyolipa alicheleweshwa na mtoa huduma aliyekataa kutangaza njia yake, yaani kuijulisha mitandao mingine jinsi ya kuzifikia anwani zake, akidai anwani hizo ni za zamani na hazina mwenyewe. Alama iliyowekwa rekodi kwa rekodi ingemaliza ubishi ule siku hiyo hiyo.

Jambo hili si geni. Tangu utaratibu wa mwaka 2014, RIPE NCC, sajili ya Ulaya, inaandika LEGACY, yaani kongwe, kwenye sehemu ya hali ya rekodi, na Ulaya wanaishi nalo.

Kamati inaunga mkono alama, kwa masharti ambayo tutayatetea. Kwanza, alama ieleze asili ya anwani tu. Isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba aliyeandikwa pale amehakikiwa. Hilo lina uzito wake, kwa sababu rekodi iliyoibwa ikibandikwa alama itaonekana safi kuliko ilivyo. Tarehe ya uhakiki wa mwisho iwe na mstari wake. Pia mwenye rekodi aarifiwe kabla ya alama kuwekwa, na apewe nafasi ya kupinga. Na hali ya kutokuwa na mkataba isigeuzwe kuwa kosa. Ni kweli kwamba asiye na mkataba hukosa baadhi ya huduma, kama vyeti vya RPKI vya kulinda njia, na kwa maoni yangu wenye vitalu vinavyotumika wangefanya vyema kuingia mkataba. Lakini waingie kwa hiari yao.

Upande wetu kazi ipo, na haisubiri sajili. Taasisi iliyobadili jina itafute vielelezo sasa: barua za awali, cheti cha kubadili jina kutoka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hata bahasha iliyobaki masjala. Wazee waliojaza fomu zile bado wako nasi. Kaeni nao, waandike maelezo na kuyasaini. Domeni ya zamani ilipieni hata kama hamuitumii, hadi rekodi itakaposahihishwa.

Azimio la kuunga mkono alama kwa masharti hayo litapigiwa kura baada ya chakula cha mchana. Katibu ana kompyuta iliyounganishwa kwenye meza ya mlangoni. Kabla ya kura, kila mwakilishi apite pale, atafute anwani za taasisi yake, na aondoke na nakala ya rekodi kama inavyosomeka leo.

Mwenyekiti