Tuliomba namba tukapewa picha za miti: taarifa ya mwaka ya mwenyekiti

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wanahisa wadogo, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Najua hii taarifa mlitakiwa muipate kabla ya mkutano wetu na sio baada, naombeni radhi. Katibu alishaniandalia dondoo mapema kabisa, mi ndo nikawa nazunguka nazo, kila nikikaa kuandika naona nataka kujisifu wakati mwaka 2025 wenyewe haukuwa wa kujisifu. Basi naandika kama navyoongea, mtanivumilia.

Nianze na aibu ili tumalizane nayo. Lile azimio tulilokubaliana, la kuitaka kampuni tuliyonunua hisa zake ieleze mitambo yake mingapi iko kwenye maeneo ya mafuriko na ikizama italipiwa na nani, halikuingia kwenye ajenda. Hawakulikataa, sisi ndo hatukuwahi. Sheria inataka uthibitishe umeshika hisa kwa muda fulani na karatasi zifike siku kadhaa kabla ya mkutano, sasa hati ya dalali wetu wa hisa ya kuthibitisha hilo ikachelewa, tulipoipata jina la chama limekosewa herufi moja, kurudisha ikarekebishwe wiki imekatika, na dirisha limefungwa. Dalali ana lake la kujibu lakini na mimi nilitakiwa kuiomba miezi miwili nyuma, nikaona muda upo. Muda haukuwepo.

Kwa iyo tukabaki na njia ya maskini, kusimama kwenye mkutano mkuu wa kampuni na kuuliza swali. Mama yetu mmoja wa kamati alisimama, akauliza taratibu tu bila kupandisha sauti, na mwenyekiti wa bodi yao akajibu kwamba suala hili wanalichukulia kwa uzito mkubwa, na alivyoulizwa mara ya pili uzito huo ni shilingi ngapi au dola ngapi au chochote kinachohesabika, akasema wataangalia. Ripoti yao ya mazingira ina kurasa nyingi za rangi, miti imepigwa picha vizuri sana, watoto wanacheka, kuna mtu ameshika mche. Mafuriko yametajwa mara moja, kwenye sentensi inayosema kwamba mabadiliko ya tabianchi ni changamoto ya dunia nzima. Hilo tulikuwa tunalijua kabla hatujanunua hisa.

Alafu kuna hili ambalo wengi mmeniandikia, wengine kwa ukali kidogo, kwamba mwenyekiti sisi tulijiunga humu kulinda gawio letu, ile faida tunayogawiwa kwa hisa, wewe unatuletea habari za hali ya hewa. Nawaelewa. Mi mwenyewe nilipojiunga sikujua gesi joto, hizi zinazopasha dunia, ni nini. Ila nataka mjue yaliyowapata wenye hisa wa PG&E, kampuni ya umeme ya kule California, manake wale nao walikuwa watu wa gawio kama sisi. Kampuni ya umeme ndo hisa ya mstaafu, unanunua unalala. Ukame ukawa mkali, misitu ikawa kama kiberiti, nyaya zake na vifaa vichakavu vikahusishwa na mioto ya 2017 na 2018, na ule wa Novemba 2018 uliua watu 85, chanzo ni ndoano ya chuma iliyokaa kwenye mnara wa umeme karibu miaka 100 mpaka ikalika ikakatika. Januari 2019 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wanaoidai, madai yanakadiriwa kupita dola bilioni 30. Gawio? Walilisimamisha Desemba 2017, na halikutangazwa tena kwa wenye hisa za kawaida mpaka Novemba 2023, na lilipotangazwa lilikuwa senti moja kwa hisa. Senti moja, baada ya miaka karibu sita.

Sasa niambieni hiyo ni habari ya hali ya hewa au habari ya gawio. Tunachouliza kwenye hizi kampuni ni hicho hicho: ile ndoano yenu iko wapi, ina umri gani, na mmetenga hela kiasi gani kuibadilisha.

Na hatukubuni sisi haya maswali. Yalivyopata nguvu ni baada ya Mark Carney, wakati huo gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, kuwaambia watu wa bima pale London Septemba 2015 kwamba madhara makubwa ya tabianchi yatakuja baada ya vipindi vya wakubwa wa biashara na siasa kwisha, yaani anayetakiwa kuamua leo hatakuwepo bili ikija. Mwishoni mwa mwaka ule kikaundwa kikosi kazi chini ya Michael Bloomberg, na 2017 kikatoa mapendekezo yake, ambayo ukiyafupisha ni mambo manne: nani kwenye bodi anasimamia hili, linagusaje mipango ya biashara, hatari mnaitambuaje na kuidhibiti, na namba zenu na malengo ni yapi. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu, wanaitwa ISSB, wakayageuza kuwa viwango kamili, kile cha tabianchi kinaitwa S2, kwa hesabu za kuanzia 1 Januari 2024 pale nchi itakapoamua kukitumia. Hapo kwenye nchi kuamua ndo penye kazi.

Kwa wageni kidogo, manake mwaka huu tumepata wengi. Mkisikia tunabishana skopu, yaani mafungu ya kuhesabia uchafuzi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya kwanza ni moshi unaotoka kwenye mitambo na magari ya kampuni yenyewe, ya pili ni ule wa umeme inaonunua, na ya tatu ni wa kila mtu mwingine kwenye mnyororo, wanaomuuzia malighafi huku na wanaotumia bidhaa yake kule. Kampuni ya mafuta sehemu kubwa kabisa ya uchafuzi wake iko kwenye hiyo ya tatu, mafuta yakishachomwa kwenye gari la mteja, kwa iyo ikikwambia imepunguza asilimia kadhaa muulize ya skopu ipi. Mara nyingi utakuta wamebadilisha taa za ofisi.

Haya, sasa niseme ukweli kuhusu wakubwa zetu. Miaka ya nyuma sisi wadogo tulikuwa tunajibanza nyuma ya migongo ya wakubwa. Desemba 2017 walianzisha ule muungano wa Climate Action 100+, mpaka ukafika wawekezaji zaidi ya 700, wanabanana na kampuni zinazochafua zaidi duniani, sie tukasema aah kazi imepata wenyewe. Februari 2024 mameneja wakubwa wa mifuko wa Marekani, JPMorgan Asset Management na State Street Global Advisors, wakatoka, mwenzao BlackRock akahamishia uanachama kwa kitengo chake cha kimataifa. Januari 2025 BlackRock akatoka na kwenye ule muungano mwingine wa mameneja wa mifuko walioahidi kufikia sifuri ya uchafuzi, muungano ukasimamisha shughuli zake siku chache baadaye. Kule Marekani siasa imekuwa kali, mwaka 2024 baadhi yao walishtakiwa na majimbo kwamba wanapanga njama dhidi ya makaa ya mawe, na mtu akiwa na wateja wa pande zote mbili anaangalia mfuko. Siwalaumu sana. Ila somo nimelipata, mgongo wa mtu sio ukuta.

Na sheria nayo hivyo hivyo. Tume ya soko la mitaji ya Marekani, SEC, ilipitisha kanuni ya kutangaza hatari za tabianchi tarehe 6 Machi 2024, tayari wameshaitoa skopu ya tatu ili ipite, mwezi uliofuata wakaisimamisha wenyewe kwa sababu ya kesi, na Machi 2025 tume ikapiga kura kuacha kuitetea mahakamani. Kitoto kimezaliwa kikaachwa mlangoni na mzazi wake.

Wapo wanaoniambia mwenyekiti tuache basi, kama wakubwa wameshindwa sisi na vihisa vyetu tutaweza nini. Hapa nabisha. Engine No. 1, kamfuko kadogo tu ka uwekezaji, mwaka 2021 kalikuwa na asilimia 0.02 ya hisa za Exxon, kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, na kakafanikiwa kuingiza watu watatu kwenye bodi ya watu 12. Hakakushinda kwa huruma. Kalikwenda na hesabu, kwamba kampuni imetumia hela nyingi na kurudisha kidogo kwa miaka, na bodi haina mtu mwenye uzoefu mzuri wa nishati nje ya kampuni ile, alafu ndo mifuko mikubwa ya pensheni na mameneja wakubwa wakapiga kura upande wake. Ukisoma barua zao neno dunia linatokea mara chache, faida ndo imejaa.

Ila msinielewe vibaya, meno yapo pande zote. Januari 2024 Exxon hiyo hiyo iliwapeleka mahakamani wanahisa wawili wanaharakati, Arjuna Capital na Follow This, kwa kosa la kuleta azimio la tabianchi, wakaliondoa azimio lenyewe na bado kampuni ikaendelea na kesi, mpaka Juni ndo ikafutwa baada ya Arjuna kuahidi kutoleta tena azimio la aina hiyo. Kamati yetu ilijadili hili jioni mbili nzima. Tumekubaliana kila azimio tutakaloandika kuanzia sasa lipitiwe na mwanasheria kwanza, itatugharimu, mtaona kwenye bajeti.

Tena wawekezaji sio kabila moja, hili tulisahau. Februari 2025 BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ilitangaza inapunguza uwekezaji wa nishati safi kwa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka ukilinganisha na mpango wa awali, na kuongeza kwenye mafuta na gesi, na nyuma yake kulikuwa na mwanahisa, mfuko wa uwekezaji uitwao Elliott, uliojikusanyia karibu asilimia 5 ukitaka faida ipande haraka. Kwa iyo shinikizo la wanahisa lilikuwepo, ila limeelekea kule. Kilichowaudhi wengine ni kwamba mpango wa zamani ulipigiwa kura 2022 ukapita vizuri, huu mpya haukuletwa kwenye kura, ndo maana kwenye mkutano wa Aprili karibu robo ya kura zilimkataa mwenyekiti wao wa wakati huo, Helge Lund. Robo ni nyingi kwa mtu ambaye kawaida hupita bila mtu kuangalia.

Mimi binafsi, na hapa sisemi kwa niaba ya kamati, nimechoka na ahadi za kumaliza uchafuzi ifikapo 2050. Anayeahidi ana miaka 60, atakuwa ameshastaafu au kazikwa. Nataka tuhamie kwenye hesabu zilizokaguliwa. Mnakumbuka Juni 2020 BP ilipokubali kwamba bei ya mafuta ya muda mrefu iwekwe dola 55 kwa pipa, mara moja ikabidi ifute thamani ya mali mpaka dola bilioni 17.5. Korona ilichangia ndio, ila angalia lilikofanyika: kwenye vitabu. Kubadilisha dhana moja tu, ambayo ilikuwa imelala kwenye maelezo ya chini kule hakuna anayesoma, mali zikayeyuka. Kuanzia mwaka ujao swali letu la kwanza kwa kila kampuni litakuwa mmetumia bei gani ya mafuta, bei gani ya kaboni, yaani gharama ya uchafuzi, mitambo mmeipa miaka mingapi ya kuishi, na swali hilo hilo tutampelekea mkaguzi wao wa hesabu. Mkaguzi ana saini yake pale, picha za miti hazimsaidii.

Kuna kitu kidogo sijawaambia. Baada ya ule mkutano, tukiwa tunatafuta mlango wa kutokea, mkuu wa fedha wa ile kampuni alimfuata mama yetu akamwambia kwa sauti ya chini lile swali la mafuriko na yeye ameliuliza ndani, hajajibiwa, tukilileta kwa maandishi litamsaidia. Mi nilikuwa nimeshakata tamaa, nikarudi nimechangamka.

Mambo ya ndani haraka haraka. Hesabu za chama mhazini amezituma, zimekaguliwa, zipo sawa, ada bado kuna wanaodaiwa na wanajijua. Nafasi mbili za kamati ziko wazi, moja tunatamani mtu aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu au bima, manake tunasoma ripoti za kurasa mia tatu na macho yetu haya. Mimi muhula wangu umebaki mwaka mmoja na siombi mwingine.

Barua kwa yule mkuu wa fedha imeshakwenda, kwa maandishi kama alivyotaka. Hati ya dalali kwa ajili ya azimio la mwakani nimeiomba jana, jina la chama nimelisoma herufi moja moja kwenye simu, mara mbili. Wenye hisa kupitia madalali wengine ombeni za kwenu wiki hii, msisubiri niwakumbushe.