Kuuza si tatizo, Neema

Rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi, na hongera kwa kupata mteja wa kwanza wa programu yako.

Huyo aliyekwambia kwamba ukishatumia programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, huruhusiwi kuuza amekutia hofu ya bure. Hata GPL, leseni huria inayoogopwa na wengi, inakuachia utoze bei unayotaka. Inachodai ni kwamba anayepokea nakala apewe na msimbo chanzo wake (maandishi ya programu kama mwandishi alivyoyaandika), awe huru kuubadilisha na kuusambaza. Kwa hiyo mambo yote yanaanzia pale unapomkabidhi mteja faili la kusakinisha: ndani mna kazi za nani, na kila mmoja anataka nini?

Nimeipitia orodha yako ya maktaba, yaani vipande vya programu vya watu wengine ulivyovitumia. Nyingi ziko chini ya leseni za MIT na BSD, na hizo hazina makuu. Waandishi wake wanataka tangazo lao la hakimiliki na maneno ya leseni yaandamane na nakala, basi. Leseni ya Apache 2.0 inaongeza kidogo: maktaba ikija na faili la NOTICE, maelezo yake nayo yamfikie mteja, na faili ulilolibadilisha uandike kwamba umelibadilisha. Tenga ukurasa mmoja ndani ya programu, ubandike yote humo. Ni kazi ndogo mno, na bado watu hawaifanyi!

Kinachonikosesha raha ni ile FFmpeg, programu huria ya video na sauti, unayokatia video. Kwa kawaida iko chini ya LGPL, ndugu mpole wa GPL, lakini ina vipande vya GPL, na anayeijenga (anayeugeuza msimbo chanzo kuwa faili la kuendeshwa) ndiye anayeamua kama viingie. Wewe uliipakua ikiwa imeshajengwa, kwa hiyo mtu mwingine alishakuamulia. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika ffmpeg -version, kisha tazama mstari unaoanza na neno configuration. Ukikuta --enable-gpl, nakala hiyo nzima ni GPL, na mara nyingi sababu ni x264, maktaba ya kubana video. Ukikuta --enable-nonfree, hiyo usimpe mtu yeyote, hairuhusiwi kusambazwa kabisa. Kama x264 huwezi kuiacha, wamiliki wake wanauza pia leseni ya kibiashara. Mimi ningeijenga FFmpeg upya bila GPL.

Ukibaki kwenye LGPL, msimbo wako unaweza kubaki siri yako, ila faili la maktaba likae kando, lisichanganywe ndani ya programu yako, ili mteja akitaka aweze kuweka toleo alilolirekebisha mwenyewe. Hapo ndipo rasimu yako ya mkataba inapokwama. Umeandika kwamba mteja haruhusiwi kuifumua programu (kuichambua ili ajue ilivyoundwa) "kwa namna yoyote ile". LGPL inataka umruhusu kuibadilisha kwa matumizi yake mwenyewe, na kuifumua pale anapotafuta hitilafu za mabadiliko hayo. Ongeza sentensi ya kuondoa jambo hilo katika katazo. Mwanasheria wako huenda alinakili kifungu hicho kutoka mkataba mwingine, wengi hufanya hivyo.

Msimbo chanzo wa FFmpeg nao usimwambie mteja "upo mtandaoni, kautafute". Hifadhi toleo lile lile ulilolitumia pamoja na skripti za kuijengea, umpe pamoja na bidhaa. Leseni inakubali pia ahadi ya maandishi ya kuutoa ukiombwa, lakini ahadi hiyo lazima idumu angalau miaka 3. Nani anataka deni la hivyo?

Usidhani pia kwamba hakuna anayefuatilia. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimpa Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter (sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao), zuio dhidi ya kampuni ya Sitecom kwa kutofuata GPL. Mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba anayekiuka masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki, hata kama programu yenyewe ilitolewa bure. Chini ya GPL toleo la 2 ukikiuka tu, ruhusa yako inakoma papo hapo. Toleo la 3, la mwaka 2007, lina huruma kidogo: ikiwa ndiyo mara yako ya kwanza kukumbushwa na mwenye kazi, una siku 30 za kurekebisha.

Ukija kuiweka programu kwenye seva yako, watu waitumie kwa kivinjari tu, GPL haitakudai msimbo kwa sababu hujampa mtu nakala. AGPL, ndugu wa GPL anayezihusu pia seva, itakudai kama umeibadilisha kazi iliyo chini yake.

Halafu kile kipande cha kupanga tarehe ulichokiokota mahali kisicho na leseni yoyote, kitoe. Kukosa leseni maana yake hujaruhusiwa, na kukiandika upya ni rahisi kuliko kumsaka aliyekiandika.

Nitumie huo mstari wa configuration tuusome pamoja kabla hujasaini. Mteja mwombe akusubiri kidogo.

Wako,
Zubeda