Yaya anataka pesa za duka akanyonywe mafuta Istanbul: nimpe?

Jambo kwenu wasomaji, na jambo kwako dada unayejibu barua hizi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Katuba hapa Lubumbashi, na nauza vikwembe (vitenge) soko la Kenya pamoja na yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. (Kenya ni komine, yaani mtaa mkubwa wa mji wetu, si nchi, nasema hivyo kwa ajili ya wasomaji wa mbali.) Duka tuliachiwa na marehemu mama. Alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi, na yaya aliacha masomo akasimama pale sokoni ili minerval yangu, yaani karo ya shule, ilipwe. Naomba mlishike hilo kabla sijaendelea, maana huyu si mtu wa kuambiwa hapana kirahisi.

Yaya ana miaka 47, kilo 104, na urefu wa mita 1.60. Ana presha, anakunywa dawa pale anapokumbuka. Mwaka huu sukari nayo imeanza kupanda. Sasa ameamua kwenda Uturuki kufanyiwa liposaksheni, ule upasuaji wa kunyonya mafuta kwa mrija, na anataka dola 3,500 kutoka akiba ya duka. Akiba yenyewe ni dola 5,000 na kidogo, nayo ni ya kuagiza mali ya Desemba kutoka Kariakoo. Mali inapita Tunduma, inavuka Zambia, inaingia Kasumbalesa, na kila mahali kuna mkono unaosubiri. Bila pesa hiyo Desemba tutakaa dukani tunatazamana, na Januari watoto wangu watarudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval.

Lakini nisiseme uongo, pesa si shida yangu peke yake. Kama huo upasuaji ungemponya, ningeuza hata friji.

Kilichonitia wasiwasi ni jinsi mambo yalivyokwenda. Yule wakala wa kliniki walizungumza naye kwenye WhatsApp. Alimwomba picha: amesimama mbele, amesimama ubavu, amesimama nyuma, na mita ya fundi imezungushwa kiunoni. Mimi ndiye niliyempiga hizo picha, nyuma ya pazia la duka, saa tulipokuwa hatuna wateja. Kesho yake picha zilirudi zimechorwa mistari ya bluu tumboni, kiunoni, mikononi karibu na kwapa, na bei pembeni ya kila mstari. Ukichukua sehemu tatu unapunguziwa. Hoteli na gari la uwanja wa ndege vimo ndani ya bei. Nilisoma mazungumzo yote kuanzia juu mpaka chini. Hakuna aliyemwuliza habari ya presha. Hakuna aliyemwuliza anakunywa dawa gani.

Nikamshawishi tuende kwanza kwa daktari wa hapa, hospitali anayopimiwa presha. Daktari alimlaza, akabana mafuta ya tumboni kwa vidole viwili, kisha akasukuma tumbo kwa kiganja. Akasema: mama, haya ninayoweza kuyabana yako chini ya ngozi, hayo ndiyo mrija unayanyonya. Yale yanayolifanya tumbo lako liwe gumu yako ndani, yamezunguka matumbo na ini, na mrija haufiki huko wala haupaswi kufika huko. Na hayo ya ndani ndiyo yanayochangia sana kukusumbua kwa presha na sukari. Akaeleza kwamba upasuaji huo ulitengenezwa kwa mtu ambaye uzito wake uko karibu na sawa, ila ana sehemu moja au mbili zinazokataa kupungua. Hautolewi kama dawa ya unene. Hata kiasi kina mpaka: wakizidi lita 5 kwa siku moja, hatari inapanda, maana mwili unapoteza maji na damu pamoja na mafuta.

Mtoto wa shangazi yetu anasoma udaktari hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Naye alituletea utafiti wa Marekani wa mwaka 2004: wanawake 15 wanene walinyonywa mafuta, karibu kilo 10 kila mmoja, wakapimwa tena baada ya wiki 10 hadi 12. Presha ilikuwa pale pale, na mwili ulikuwa unatumia sukari vile vile kama zamani. Akaongeza mwingine wa 2011, wa wanawake wasio wanene sana, ambao mapajani walibaki wembamba lakini ndani ya mwaka mmoja mafuta yalikuwa yamerudi sehemu nyingine, hasa tumboni. Mimi muuza vikwembe nilielewa kwa namna yangu: fundi amebana mshono kiunoni, gauni linakaa vizuri, kitambaa ni kile kile.

Yaya alisikiliza yote hayo. Tulipotoka nje akasema, "Umemaliza? Sasa na mimi nikuambie."

Hapo ndipo barua hii inapokuwa ngumu, kwa sababu aliyoniambia mengi ni ya kweli. Alisema: wewe ulizaliwa mwembamba. Unakula bukari (ugali wetu) kama mimi, unakunywa soda kama mimi, na hakuna anayekucheka ukipanda teksi. Mimi kondakta ananidai viti viwili mbele za watu. Nimefunga bukari jioni, nimekunywa maji ya ndimu na tangawizi, nimekunywa ile chai ya kuendesha mpaka nikashinda chooni (hiyo inatoa maji na mavi tu, mafuta hayaguswi, lakini nani alituambia?). Nimetembea alfajiri na mama za kanisa mpaka goti likavimba. Nilipungua, na baadaye kilo zilirudi zimeongozana na wenzake. Mnaniambia "diete na mchezo" (kupunguza chakula na kufanya mazoezi) kana kwamba sijawahi kusikia.

Na ni kweli alijaribu. Ila mimi ninayeshinda naye naona pia kitu kingine. Asubuhi yaya hali, anajisifu kwamba hali. Ikifika saa tisa mchana njaa imemshika, mama wa chakula anapita na sahani ya bukari ya watu wawili, matamba (majani ya muhogo) yaliyojaa mawese, na samaki tomsoni wa kukaanga, na yaya anaimaliza amekaa juu ya kigoda bila kuinuka. Jioni anapita kwa muuza mikate, moto moto kutoka kwenye mafuta. Soda ni ya mteja, kisha mteja anaacha nusu, na yaya anaimalizia. Daktari hakumkataza bukari. Alimwambia ale asubuhi, donge liwe dogo, matamba yawe mengi na mawese yawe machache, soda iondoke kabisa, na atembee dakika 150 kwa wiki, kidogo kidogo, tena kwenye sehemu tambarare, na Lubumbashi haina milima ya kusingizia. Akasema akipunguza sehemu 5 hadi 10 kwa mia ya uzito wake, presha na sukari huwa vinaanza kutulia. Kwake ni kama kilo tano mpaka kumi.

Yaya akacheka. "Kilo tano? Nani ataziona?"

Dada zangu, jibu liko ndani ya swali hilo. Shemeji, mume wa yaya, ana biro ya pili, yaani mwanamke wa nje, na Katuba nzima inajua. Msichana ni mwembamba, ana miaka ishirini na kitu. Yaya hatafuti kipimo cha presha kishuke, anatafuta kuonekana. Kama kuna mtu wa kupelekwa Istanbul kupasuliwa, kwa maoni yangu si yaya, lakini hilo siwezi kumwambia shemeji.

Tena kuna jambo linaloniuma. Alipokuwa msichana, yaya alikuwa mwembamba kama mimi. Kabla ya ndoa yake mashangazi walisema mwali gani huyu mifupa mitupu, wakamnunulia vidonge vya kunenepesha, vile vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya daktari. Alivinywa miaka. Daktari alipoulizia hilo alitikisa kichwa, akasema vingi vya aina hiyo vina siproheptadini ya kuleta hamu ya kula, na vingine deksamethasoni, ambayo inapandisha sukari na presha na kujaza mafuta usoni na tumboni. Akamwuliza kama bado anavinywa, kwa sababu mtu aliyezoea deksamethasoni haachi siku moja tu, anapunguziwa na daktari. Yaya alisema aliacha zamani. Natumaini ni kweli. Kwa hiyo watu wale wale waliomtaka anone, leo wanamcheka amenona.

Nilimtajia hatari. Nilimkumbusha Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nijeria, aliyekufa Hispania Oktoba 2005 baada ya upasuaji wa namna hii, na hakuwa mtu wa kukosa pesa ya daktari mzuri. Nilimkumbusha yule mama wa Nairobi aliyekufa 2024 baada ya kunyonywa mafuta vile vile. Nilimwambia habari ya mrija kutoboa utumbo, mafuta au damu iliyoganda kwenda mapafuni, na kwamba baada ya hapo atapanda ndege kupitia Addis Abeba, amekaa masaa mengi huku amevaa ile nguo ya kubana ambayo inavaliwa wiki kadhaa. Maji yakijaa chini ya ngozi akiwa tayari Katuba, nani atayatoa? Wakala wa WhatsApp? Akanijibu, "Na wanaokufa barabara ya Kasumbalesa wakifuata mali, hao walinyonywa mafuta?" Sikuwa na la kusema. Barabara ile mnaijua.

Daktari alisema neno jingine ambalo limenichanganya zaidi. Alisema kwa uzito wa yaya, pamoja na presha na sukari, kama anataka kisu kweli, basi aulizie upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula lenyewe, maana huo ndio unaopunguza uzito na mara nyingi unashusha hata sukari. Lakini si wa kwenda na kurudi kama sokoni: kuna vipimo kabla, kula kidogo sana maisha yote, vitamini kila siku na kufuatiliwa na daktari miaka. Yaya aliposikia "maisha yote" akafunga masikio. Mimi sasa najiuliza kama nilikosea kufikiri kwamba kila upasuaji wa unene ni upuuzi na kila kutembea ni dawa.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kwa haya. Kwanza, pesa: duka ni letu sote wawili, na bila mimi hazitoki. Nikikataa, yaya ana haki ya kuniuliza minerval yangu ililipwa na nani. Nimefikiri kumwambia nitazitoa, ila kwa sharti kwamba apimwe kwanza, presha na sukari zitulie miezi kadhaa, na daktari wa hapa aandike kwa mkono wake kwamba anafaa kupasuliwa. Je, hiyo ni busara, au ni hapana iliyovaa kikwembe kizuri? Pili, anataka nimsindikize kwa sababu nina pasipoti. Nikienda nimekubali. Nisipokwenda, atalala kule peke yake na watu asiowajua lugha. Tatu, wale kati yenu mliopungua na mkabaki hivyo, si kwa mwezi, kwa miaka, mlikula vipi huku mnafanya kazi sokoni? Wanaouza wanaelewa ninachouliza.

Wakala amempa mpaka mwisho wa mwezi huu kulipa nusu, la sivyo "ofa" inaondoka. Nijibuni hata kwa ukali. Ila msiniambie tu tuombe: hilo tunafanya kila Ijumaa, na ni yaya anayeongoza maombi.

Mdogo mtu,
Katuba, Lubumbashi